Grafu ipi kati ya hizi nne ni kinyume cha f(x) = x² − 4?

Kijana wa Makorora
Wakuu, habari za jioni. Kwenye tuisheni hapa Ngamiani tumepewa f(x) = x² − 4, x ≥ 0, na grafu nne zisizo na fomula. Tuchague ya f⁻¹, yaani kinyume cha f. A inapita (0, 4) na (2, 0). B inaanzia (−4, 0), inapanda kupitia (0, 2). C inaanzia hapohapo, inashuka kupitia (0, −2). D imekatika vipande viwili penye x = 2. Darasa limegawanyika kati ya B na C.

Mwalimu Chumbageni
Achana na fomula kwanza. Chukua nukta za f uzigeuze: (0, −4) inakuwa (−4, 0), (2, 0) inakuwa (0, 2), (3, 5) inakuwa (5, 3). Zote ziko kwenye B. Nukta moja haitoshi, maana (−4, 0) ipo hata kwenye C.

A ni −f(x), yaani f iliyopinduliwa kwenye mhimili wa x. D ni 1/f(x). Ile −1 ya juu huwaponza wengi, wanadhani ni kipeo. C ndiyo mtego wenyewe: ukitafuta y unapata ±√(x + 4), halafu unashika alama ya kutoa. Sharti x ≥ 0 la f linahamia kwa y, kwa hiyo kinyume hakishuki chini ya mhimili. Bila sharti hilo kinyume kisingekuwepo, kwani mstari wa mlalo ungeikata parabola mara mbili.

Binti Raskazone
Na mnaokunja karatasi kwenye mstari y = x ili f ilalie kinyume chake, mkaona hazilaliani, tazameni skeli. Sm 1 ikiwa uniti 1 kwa x lakini uniti 2 kwa y, mstari huo haukai nyuzi 45, na kukunja kunadanganya.

Kijana wa Makorora
Shukrani, mwalimu. f na B zinakutana kama x = 2.56. Lazima nukta hiyo iwe kwenye mstari y = x?

Mwalimu Chumbageni
Hapa ndiyo, kwa kuwa f inapanda tu: x² − 4 = x, jibu (1 + √17)/2. Grafu inayoshuka haina masharti hayo. Chora y = −x³ na kinyume chake; mbali na (0, 0), zinakutana pia kwenye (1, −1) na (−1, 1), nje kabisa ya mstari.