Tupeane uzoefu: Mbwa wako anasafirije garini?

Wenye mbwa wa Mombasa, mnasafiri nao vipi? Wangu akiona mlango wa gari tu ananywea, mkia katikati ya miguu. Jumamosi tunakwenda Kilifi kwa shangazi. Semeni.

*Mama Simba, Bamburi:* Dada, wangu alikuwa hivyo hivyo, maana gari kwake lilikuwa sindano ya daktari wa mifugo, basi. Nikaanza na gari limezimwa, milango wazi, chakula chake namwekea humo humo. Alipozoea nikawasha injini bila kutoka uani. Baadaye mpaka dukani, kisha ufukweni akacheze. Siku hizi akisikia funguo zikilia anatangulia yeye.

*Mtu wa Likoni:* Kwetu shida ni kutapika. Dalili utaziona mapema: anajilamba midomo, anapiga miayo, udenda unachuruzika mpaka kwenye kiti. Simpi chakula saa tatu nne kabla ya kuondoka, maji anakunywa. Watoto wa mbwa ndio hasa, wengi wakikua huacha. Na foleni ya feri, lo! Jua, honi, gari halisogei. Nikiwa naye nazunguka Dongo Kundu, mafuta yaende yanakokwenda.

*Dereva, Changamwe:* Akae nyuma, avae mshipi wa kifuani uliofungwa kwenye mkanda wa kiti. Usimfunge kwa kola, breki ya ghafla itamkaba shingo. Kichwa nje dirishani sitaki kuona: changarawe za malori ya Mariakani zitamtoa jicho. Mkisimama Voi, kamba mkononi kwanza, mlango baadaye.

*Tudor:* Na msimwache garini eti "dakika mbili". Nje nyuzi 30, ndani hufika 40 kwa dakika kumi hivi, hata kioo ukikiacha wazi kidogo. Mbwa hupoa kwa kuhema, sasa hewa yenyewe ikiwa moto atapoaje?

*Mji wa Kale:* Tusio na gari, dereva wa tuktuk mwambieni mapema. Wengi wetu huku mate ya mbwa ni najisi, yakigusa kiti ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Akikataa si chuki. Wangu anakubali kwa sababu natandika turubai na kumlipia uoshaji.

*Aliyeuliza:* Ahsanteni. Basi Jumamosi mbwa anabaki na jirani, tunaanza na chakula kwenye gari lililozimwa. Shangazi kasema afadhali, kuku wake wanataga.