"Averse" na "adverse": lipi la bahari, lipi la abiria?

Kijana_wa_Mkoani: Asalaam alaykum. Naandika tangazo la Kiingereza: boti ya Unguja–Pemba imeahirishwa, kusi limechachamaa. Rasimu moja ina "averse weather", ya pili "adverse weather". Kompyuta haipigi mstari mwekundu kokote. Lipi sahihi?

BintiWete: Wa alaykum salaam. "Adverse weather". Kompyuta inakagua herufi tu, na yote mawili ni maneno halali. "Averse" ni asiyelitaka jambo, na bahari haina kutaka wala kukataa. Abiria anayeuchelea mkondo wa Nungwi, huyo ndiye "averse to crossing at night".

Maalim_Chake: Naongeza sarufi. "Averse" hufuatwa na "to", kisha jina au kitenzi chenye "-ing". Wengi huandika "averse to eat" wakidhani "to" hiyo ni ile ya kitenzi. Sahihi ni "averse to eating". "Adverse" kwa kawaida hutangulia jina: "adverse winds", "adverse effects". Kwenye matamshi, "averse" hukazwa silabi ya pili. "Adverse" Waingereza wengi huikaza ya kwanza.

Mkalimani_Vuga: Hapo kwenye mtu na bahari, dada, pana mtego. Mahakamani "adverse party" ni mtu kamili, yule wa upande wa pili wa kesi, na huenda hana kinyongo nawe hata chembe. Kwa hivyo msiulize ni mtu au kitu. Ulizeni linasemwa la moyoni au la upande. Moyo haulitaki: "averse". Limesimama dhidi ya safari yako, afya yako au kesi yako: "adverse". Na maalim, "averse" nayo hutangulia jina ikiungwa, kama "risk-averse investor".

BintiWete: Nimekubali, sheikh. Ila angalieni na kikanusho. Mgeni akisema "I'm not averse to coffee", msirudishe birika jikoni! Ni ile "sikatai" yetu; anaitaka.

Kijana_wa_Mkoani: Basi niandike "due to adverse weather conditions"?

Maalim_Chake: "Conditions" itoe, haiongezi kitu. Tena utaje upepo wenyewe, "strong southerly winds", na saa mpya ya kuondoka uiweke mstari wa kwanza. Abiria mwenye mizigo bandarini hasomi hadi chini.