Nina umri wa miaka 47, niko IT: nisome upya, niombe umeneja au nifungue ofisi Mwanza?

MzeeWaServa
Wakuu, nilianza na Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kuandika programu, leo nasimamia seva (kompyuta kuu) za kampuni moja ya kuuza kwa jumla hapa mjini. Juzi kwenye usaili kijana kanitazama, kauliza, "Mzee, utakubali bosi wa miaka 28?" Nikajua kazi imekwenda. Sasa nisome Python, lugha ya programu ya siku hizi, nisake umeneja, au nijiajiri?

Dada_Kirumba
Shikamoo mzee. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inataja umri waziwazi kwenye ubaguzi, na anayeomba kazi naye yumo. Kuthibitisha sasa, hapo ndipo penye kazi. Umeneja sahau: nafasi za maana ziko Dar, na aliyeshika kiti hapa anasubiri 60 yake ya kustaafu.

Ngosha_Igoma
Jiajiri. Mimi nilitoka nikiwa na 51. Mwezi jana duka la vifaa Makoroboi, saa nne asubuhi, wateja wamejaa hadi barazani, programu ya mauzo imegoma. Vijana wawili walikuwa wameshaifuta na kuiweka upya mara mbili. Nikauliza, "Jana umeme ulikatika?" Ulikatika. Natazama kona ya skrini: mwaka 2009. Kile kibetri cha saa cha CR2032 kimekufa, kompyuta imepoteza tarehe, programu inakataa kuuza. Nimeweka kipya, nikarekebisha tarehe, wakaendelea. Nikalipwa elfu hamsini na soda.

MtotoWaNyegezi
Kwa heshima mzee Ngosha, vibetri havilipi ada. Aliyeshika SQL, lugha ya hifadhidata, miaka 20 Python haimsumbui, miezi michache tu. Na kazi za mtandaoni wanatazama kazi yako kwanza, mvi baadaye. COBOL, lugha nyingine ya programu, ni ya 1959 na bado kuna mabenki yanaitegemea.

Dada_Kirumba
Mdogo wangu, huko mtandaoni unagombania kazi na dunia nzima. Mzee ana watoto shuleni. Abaki kazini, ajaribu wateja wawili Jumamosi.

MzeeWaServa
Hilo la Jumamosi limeniingia. Soko la Mwaloni kuna jamaa wawili wa dagaa bado wanaandika madeni kwenye daftari. Ngosha, unawatoza kwa mwezi au kwa tatizo?

Ngosha_Igoma
Kwa mwezi, na wa kwanza walipe kabla hujagusa kitu. Yule wa "nitakupigia ikiharibika" hukupigia kweli. Siku ya kulipa ndiyo simu yake haina chaji.