Meza ya kudumu, meza ya saa yoyote au bafe? Ulinganisho wa chakula na kanuni za meli ya kitalii

Msafiri_Kizingo
Asalaam alaykum na hamjambo nyote. Msimu wa kaskazi ukikaribia, maswali ya meli za kitalii huwa mengi, na karibu yote huishia mezani: tule wapi, saa ngapi, na kipi kinalipiwa zaidi. Naomba tuyalinganishe hapa, mahali pamoja. Tuchukue familia ya watu saba: wazee wawili, mmoja wao ana sukari, vijana wakubwa watatu na watoto wawili. Wote wanakula halali, hakuna anywaye pombe. Meli ni kubwa ya kawaida, siku saba, kupandia Durban au Dubai. Wakala anataka majibu mawili kabla ya malipo: meza ya kudumu au ya saa yoyote? Na kifurushi cha vinywaji kichukuliwe au kiachwe?

Mkuu_wa_Sinia
Ndugu Kizingo, hiyo ya meza ndiyo kubwa, nianze nayo.

Meza ya kudumu maana yake ni meza ileile, saa ileile na wahudumu walewale mpaka mwisho wa safari. Awamu ya kwanza huanza baina ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni, ya pili saa mbili au saa mbili na nusu usiku. Kwenye ratiba ya meli mtaona 18:00 na 20:30. Meza ya saa yoyote ni mgahawa uleule mkuu, mara nyingi na menyu ileile, ila mnaingia mnapotaka tangu jioni hadi kama saa tatu na nusu usiku, kwa foleni au kwa kuweka nafasi kwenye programu ya meli. Zote mbili zimo ndani ya nauli.

Kwa familia yako nasema meza ya kudumu bila kusita, na sababu ni ule mlo wa halali na yule mzee wa sukari. Jiko la meli hupika kwa maelfu, kwa hiyo chakula cha mtu mmoja kikibadilishwa ghafla saa ya kupakua hakitoki vizuri, au hakitoki kabisa. Utaratibu wenyewe uko hivi: mwisho wa chakula cha usiku, mkuu wa wahudumu huleta menyu ya kesho, anayekula tofauti anachagua usiku uleule, jiko linaandaa mapema na sahani inatoka na jina lake au namba ya meza. Kwa meza ya kudumu hilo linakwenda lenyewe, mtu mmoja anawajua. Kwa meza ya saa yoyote mnaanza maelezo upya kila jioni kwa mhudumu mgeni, na hapo ndipo mchuzi wenye divai unapopenya.

Kitu kingine: meza ya watu saba haipatikani upesi. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu ndiyo kilele cha foleni. Wawili hukaa mara moja, saba watangoja au watagawanywa meza mbili.

Chef_Tudor
Naafiki, lakini msisahau bafe. Mgahawa mkuu haufunguliwi kila mchana, hasa siku za bandarini, na bafe iko wazi karibu kutwa. Ubaya wake kwa mla halali ni mchanganyiko. Koleo la soseji za nguruwe huhamia kwenye kuku kwa mkono wa abiria mwenzako, si wa mpishi. Maharagwe ya asubuhi mara nyingi yana vipande vya nguruwe. Viazi vya kukaanga huweza kupita mafuta yaleyale ya vitu vingine. Supu, uliza msingi wake umechemshwa na mifupa gani. Vitindamlo laini vya kutikisika, na zile krimu nzito zilizogandishwa, vina jelatini, na hiyo mara nyingi ni ya nguruwe.

Mfano wa karibu ni kituo cha mayai. Mpishi ana vikaango viwili au vitatu vinavyozunguka siku nzima, na kabla yako huenda kilipikiwa yai na hemu ya nguruwe. Akianza kumimina umechelewa. Ukifika tu, kabla ya kutaja unataka kitunguu au nyanya, mwambie: "Naomba kikaango kisafi, sili nguruwe." Atachukua kingine chini ya kaunta. Hawachukii, wameagizwa kufanya hivyo.

Nenda bafe mwanzo wa zamu, chakula kikiwa kimetoka sasa hivi na makoleo bado hayajachanganywa. Cha moto kitoe mvuke, kwa kanuni kisipungue nyuzi 57, na cha baridi kisizidi nyuzi 5. Samaki vuguvugu mwache.

Binti_Kuze
Kwenye halali naongeza, maana watu huandika "tunakula halali" kwenye fomu wakadhani yamekwisha. Meli nyingi za Ulaya na Marekani zitaleta nyama ya halali ukiomba mapema, lakini hazina jiko la peke yake. Andikeni barua pepe siku 45 au 60 kabla, na muulize kwa maneno haya haya: nyama imenunuliwa kwa mchinjaji mwenye cheti? Inapikwa kwenye vyombo vilivyotengwa? Ni ya kila siku au ya siku kadhaa tu? Jibu mlichapishe, na siku ya kupanda, kabla hata mabegi hayajafika chumbani, mtafute mkuu wa mgahawa mumpe nakala mkononi. Ombi lililobaki kwenye kompyuta ya ofisi halimfikii mpishi.

Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, chukueni samaki na menyu ya mboga ya Kihindi. Meli nyingi wanayo, wapishi wengi ni Wahindi na wanaipika kwa moyo. Kuna pia milo ya Kiyahudi iliyofungwa na kugandishwa, huagizwa mapema, wapo Waislamu wanaoichukua, hilo ni la mtu na imani yake. Anayetaka cheti kabisa, meli ya Genting Dream inayotokea Singapore ilipewa cheti cha kuhudumia Waislamu mwaka 2022 kwa viwango vya halali vya nchi za Kiislamu (OIC/SMIIC), ila huko ni mbali na pochi ya safari hii.

Na swala ya Magharibi nayo muiangalie, kwani huamua awamu. Dubai mwezi wa Desemba jua huzama kama saa kumi na moja na nusu jioni, kwa hiyo mnaswali kwanza, mnaenda mezani saa kumi na mbili kwa raha. Durban mwezi huohuo jua huzama karibu saa moja usiku. Awamu ya kwanza itawakuta katikati ya chakula, na awamu hiyo huchukua saa moja na nusu hadi mbili. Kwa Durban awamu ya pili ni bora, kama watoto wataweza kukesha.

Mkuu_wa_Sinia
Bi Kuze kasema kweli. Mimi kwa watoto na mgonjwa wa sukari ningebaki na ya kwanza hata Durban, na kumwomba mhudumu siku ya kwanza alete vyakula haraka. Wakijua mnataka kutoka saa moja kasoro, hufanya hivyo. Mzee wa sukari akila saa mbili na nusu usiku, baada ya dawa ya jioni, ni hatari.

Insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi. Mabegi makubwa hufika chumbani baada ya masaa. Friji ya chumba nyingine hupoza tu, haifikii baridi ya dawa, kwa hiyo muulizeni anayehudumia chumba awape friji ya dawa pamoja na kisanduku cha kutupia sindano. Vyote hutolewa bure.

Hesabu_Bamburi
Vinywaji. Msichukue kifurushi cha pombe, hilo liko wazi, lakini jueni mtego: mkubwa mmoja akikinunua, meli nyingi hulazimisha wakubwa wote wa chumba hicho wakinunue. Kikiwa dola 70 kwa siku na ada ya huduma asilimia 18, ni 82.60, mara siku saba ni 578.20 kwa kichwa.

Kifurushi cha soda na juisi tuseme ni dola 13, na ada inakuwa 15.34. Soda moja kwa dola 3.50 na ada ni 4.13. Kwa hiyo mtu anywe soda nne kila siku ndipo kifurushi kilipe, tena na siku zile anazoshinda nchi kavu. Kwa mzee wa sukari ni pesa ya kutupa. Maji, chai, kahawa ya kawaida, na juisi ya asubuhi kwenye bafe huwa ndani ya nauli kwenye meli nyingi. Kampuni ya meli ya MSC hulipisha maji ya chupa hata mezani, kwa hiyo someni kwanza.

Bakshishi ndiyo inayowashtua watu. Meli nyingi hutoza kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa kila siku, na watoto humo. Kwa dola 18, watu saba, siku saba, ni dola 882. Iwekeni kwenye bajeti tangu leo, si mezani usiku wa mwisho. Inagawanywa kwa wahudumu wa meza, wa vyumba na walio nyuma ya pazia, na ni sehemu ya mshahara wao. Kuifuta kwa sababu samaki alikuja baridi siku moja si haki.

Migahawa ya kulipia, ya nyama choma au ya Kijapani, ni dola 30 hadi 70 kwa mtu na ada juu. Kwa familia ya halali sioni faida, nyama yenyewe ndiyo mnayoikwepa. Mkiweka nafasi na msiende, au mkifuta chini ya saa 24 kabla, nyingi zitawakata pesa.

Msafiri_Kizingo
Shukran sana. Malipo humo ndani ni kadi au taslimu? M-Pesa je?

Hesabu_Bamburi
Humo hakuna pesa mkononi, kila kitu hupita kwenye kadi ya chumba na kudaiwa mwisho. Mwanzoni mnaunganisha kadi ya benki au mnaacha amana ya taslimu mapokezi. Ile kadi ya Visa ya ndani ya M-Pesa haina plastiki, na mashine za mapokezi huhitaji kadi ya kupitisha, msiitegemee. Kadi ya debiti nayo meli huzuia kiasi fulani kila siku, na pesa iliyozuiwa hurudi baada ya siku kadhaa, pengine wiki, hata kama mmeshalipa. Kwa anayetumia akaunti ya mshahara hiyo ni shida kubwa. Wekeni dola taslimu, kinachobaki hurejeshwa usiku wa mwisho.

Dereva_Kilindini
Niongeze upande wetu, kwa wanaoteremka hapa Mombasa. Kama meza yako ni awamu ya kwanza na umepanga Tsavo Mashariki, huo mlo umeupoteza. Lango la Buchuma ni kama kilomita 100, na kurudi jioni mnakutana na malori Mariakani, Mazeras mpaka Changamwe. Siku hiyo ombeni kuhamia awamu ya pili, au kuleni bafe mkirudi. Mgahawa mkuu hufunga mlango dakika 15 hadi 20 baada ya awamu kuanza, nao hufunga kweli.

Saa ya mwisho ya kurudi ni nusu saa hadi saa nzima kabla ya meli kuondoka, na ni saa ya meli, si ya simu. Kenya na Zanzibar zina saa ileile, Msumbiji na Durban ziko nyuma kwa saa moja, Shelisheli na Mauritius mbele kwa saa moja. Meli nyingine hazibadilishi saa zao kila bandari. Zima ubadilishaji wa saa kwenye simu, ufuate saa iliyo mlangoni pa kutokea. Ziara iliyouzwa na meli ikichelewa, meli huingoja. Ya kwako binafsi haiingojei, na gharama ya kuifuata bandari inayofuata ni yako. Mwenda Diani apite barabara ya Dongo Kundu badala ya kutegemea feri ya Likoni.

Msitoke na matunda ya bafe. Ndizi moja mkobani ni mzigo wa mimea usio na kibali, na KEPHIS, wakaguzi wa afya ya mimea wa Kenya, wana haki ya kuuchukua. Mifuko ya plastiki pia iacheni chumbani, imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na tangu Juni 2020 hata chupa za maji za kutupa haziruhusiwi ndani ya mbuga na fukwe zilizohifadhiwa. Chukueni chupa ya chuma. Kuijaza, chota maji kwa gilasi safi kisha mimina, usigusishe mdomo wa chupa kwenye bomba la bafe, ndivyo tumbo la mmoja linavyokuwa la wote.

Chef_Tudor
Hilo la tumbo ni zito. Ugonjwa unaotembea melini ni wa norovairasi, na ile jeli ya mikono haiuui vizuri. Sabuni na maji, sekunde 20, kabla ya kushika koleo na tena kabla ya kula, maana koleo limeshikwa na mia. Ukianza kutapika toa taarifa kliniki. Watakufungia chumbani hadi dalili ziishe na kupita kama siku moja au mbili, chakula kitaletwa. Kuficha ni kuwapa watoto wa watu ugonjwa.

Binti_Kuze
La mwisho kutoka kwangu, mizigo ya nyumbani. Mahamri, sambusa, biriani kwenye hotpoti, kaimati: havipiti. Chakula kilichopikwa nyumbani hakijulikani kimekaa kwenye joto gani, walinzi watakitupa mbele yenu. Korosho, kashata na achari za kiwandani zilizofungwa hupita, na masala ya chai yaliyofungwa pia. Birika la umeme, pasi, koili ya kuchemshia maji na waya wa kurefusha umeme wenye kinga vinachukuliwa na kurudishwa mwisho wa safari. Chetezo na makaa ya udi msijaribu, moto baharini hauna zimamoto wa kuita. Maji moto chukueni bafe kwa kikombe, mtie masala wenyewe. Kanzu itundikeni bafuni wakati mtu anaoga kwa maji moto, mikunjo hulegea. Usiku wa mavazi rasmi kanzu safi na koti inakubalika. Kinachorudishwa mlangoni ni kaptura, fulana bila mikono na malapa.

Msafiri_Kizingo
Basi namjibu wakala leo: meza ya kudumu, awamu ya kwanza, Dubai badala ya Durban kwa ajili ya Magharibi, vifurushi viachwe. Barua ya halali naituma kesho kwa maneno ya Bi Kuze.

Mkuu_wa_Sinia
Kwenye barua hiyo ongeza namba za vyumba vyote vitatu na uombe viunganishwe meza moja. Visipounganishwa kwenye mfumo mapema, mtagawiwa meza mbalimbali hata kama jina la ukoo ni moja, na siku ya kwanza mkuu wa mgahawa ana foleni ya watu hamsini wanaoomba hilohilo.