Msaada jamani: kioo cha kompyuta kimeharibika maandishi na draiva haikubali kuingia

Mama Wawili: Habari zenu wakuu, naombeni msaada, mimi sio mtaalamu wa haya mambo mnivumilie. Nina kompyuta ya mezani Dell OptiPlex 780, Windows 7, ipo hapa nyumbani Pasua, Moshi, ndo nachapia mitihani ya shule na barua za watu. Sasa maandishi yamekuwa makubwa halafu yametanuka kwa pembeni, ukurasa wa Word hauenei kwenye kioo, nikitaka kurekebisha ukubwa inaishia 1024 kwa 768, haizidi hapo. Ninayo CD ya draiva, ile programu ya kuendesha kifaa, ya NVIDIA tuliyopewa wakati tunainunua, nikiiweka inasoma vizuri halafu inasema haioni kifaa kinachoendana nayo. Mitihani inatakiwa wiki hii na mwalimu mkuu ameshanipigia simu. Nifanyeje, au ndo imekufa ninunue nyingine?

Chalii wa Sakina: Pole dada. Windows 7 Microsoft waliacha kuihudumia tangu tarehe 14 Januari 2020, bado upo nayo tu? Piga Linux Mint, mfumo wa bure wa kuweka badala ya Windows, uachane na habari za kutafuta draiva. Mimi nilikuwa na mashine nzee kuliko hiyo, nikaiwekea Mint, wifi ikakamata yenyewe, sauti yenyewe, mpaka printa ya jirani ikaonekana.

Mama Wawili: Asante kaka, ila shule wananipa mafaili ya Word na wanayataka vilevile. Maswali ya hesabu yakihama mistari nitagombana nao.

Mangi Kiborloni: Nunua laptop mama, hilo debe linakula umeme bure. Nilikuwa na stationery pale Mbuyuni, nikang'ang'ania mashine za hivyohivyo, siku umeme umekatika ukarudi kwa kishindo power supply ikatoa moshi na kadi za harusi za watu zikiwa humo humo, bibi harusi alikuja dukani na mashangazi zake wote, sitasahau.

Fundi Mianzini: Wakuu, tusimnunulishe mtu mashine kabla hatujajua ugonjwa. Dada, bonyeza kulia kwenye Computer, ingia Manage, kisha Device Manager. Fungua Display adapters, kile kilichomo kibonyeze kulia, Properties, Details, halafu chagua Hardware Ids. Ikianza na VEN_10DE ni NVIDIA, VEN_8086 ni Intel. Tuandikie kama ilivyo. Na je, kuna mtu aliifungua hii mashine karibuni?

Mama Wawili: Kipo kimoja tu, Standard VGA Graphics Adapter. Imeandikwa PCI\VEN_8086&DEV_2E12. Hiyo 10DE sijaiona. Haijafunguliwa, ilisafishwa vumbi tu.

Fundi Mianzini: Vumbi limesafishwaje bila kufungua? Hiyo CD ni ya kadi ya grafiksi ya kuchomeka, ile inayotoa picha kwenye kioo, na mashine inasema kadi hiyo haipo. Angalia nyuma, waya wa monita umechomekwa juu karibu na matundu ya USB au chini kwenye vile vibati virefu?

Mama Wawili: Juu karibu na USB. Chini kibati kimoja hakipo, pamebaki uwazi mpaka unaona nyaya za ndani, ukingo wake mweupe safi wakati pembeni vumbi limegandia. Jamani, aliyeisafisha ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, aliondoka nayo kwenda mjini akairudisha jioni. Ndiye anayenitafutia mashine nyingine na nimeshampa nusu ya hela. Sikutaka kuyasema haya maana sitaki aonekane mwizi. Huenda kadi iliungua akaitoa. Mume wangu alipolazwa ni yeye aliyekuwa anakesha hospitali.

Bibi wa Rau: Mwanangu, undugu tunauheshimu, lakini hela ya watoto huiandikii karatasi? Mumeo anajua? Anza na mumeo kabla hujatuambia sisi.

Mpare Mbishi: Mimi naona hii ni chai. Mara haijafunguliwa, mara ilienda mjini. Mtu asiye mtaalamu anaandika VEN_8086 na alama zake zote bila kukosea? Wewe ndo shemeji mwenyewe, unapima upepo.

Chalii wa Sakina: Hahaha chai ya rangi, tena ya tangawizi.

Mama Wawili: Nilikaa na simu mbele ya kioo nakopi herufi moja moja kaka yangu. Picha ya nyuma ya mashine nimeiweka, angalieni wenyewe. Mngekuwa na mwalimu mkuu anapiga simu hivi msingeniita muongo.

Fundi Mianzini: Picha nimeiona, kibati kweli hakipo. Na iwe chai isiwe chai, dawa ni ileile. 780 ina grafiksi ya Intel kwenye ubao wenyewe, GMA 4500, kwa kuchapa inatosha kabisa, ila draiva yake hujawahi kuiweka. CD achana nayo. Kwenye Properties ya Computer soma System type, biti 32 au 64, maana draiva ya 32 haiingii kwenye 64. Kwenye kava kuna stika ya Service Tag, herufi na namba jumla yake saba, iingize kwenye tovuti ya Dell, chagua Windows 7 ya biti zako, shusha iliyo sehemu ya Video. Intaneti chomeka simu kwa USB uwashe tethering, yaani simu iipe kompyuta intaneti. Zile programu za "draiva zote bure" usiguse, zinakujazia matangazo. Na hiyo nusu ya hela iliyobaki usiitoe kwanza.

Mama Wawili: IMEKUBALI!! 1440 kwa 900, ukurasa mzima nauona. Mungu akubariki fundi. Shemeji nimemuuliza kadi iko wapi, kasema tutaongea Jumapili. Ila mashine bado naitaka, watoto wanagombania hii. Halafu kule Device Manager kuna alama ya njano imebaki, PCI Simple Communications Controller.

Mpare Mbishi: Jumapili utuletee mrejesho, na mimi nitaomba radhi hapahapa kama kadi ikirudi.

Fundi Mianzini: Hiyo ni Intel Management Engine, sehemu ya ndani ya kusimamia mashine, haihusiani na kioo. Draiva yake ipo ukurasa uleule, sehemu ya Chipset. Chapa mitihani kwanza.