Mjadala: Je, mzee aliyehamia Medicare Advantage aruhusiwe kurudi alikotoka bila kuulizwa magonjwa yake?

Mleta mada

Wadau, salaam. Kwa sisi tulio na wazazi au wakwe waliozeekea huku Marekani, msimu wa bahasha za kampuni za bima umewadia tena. Kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi tarehe 7 Desemba kila mwaka, mwenye Medicare, ile bima ya serikali kwa waliofikisha miaka 65 na kwa baadhi ya wenye ulemavu, anaruhusiwa kubadili mpango wake, na mabadiliko huanza tarehe 1 Januari. Hoja yangu ni moja: sheria ya shirikisho izilazimishe kampuni za bima ya nyongeza kumpokea mzee anayerudi kutoka Medicare Advantage, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi, bila kumchunguza afya. Kwa sasa mlango wa kuingilia uko wazi kila mwaka, lakini wa kutokea, katika majimbo mengi, hufungwa baada ya mwaka wa kwanza, na mzee hulijua hilo siku anapougua.

Kwa asiyefuatilia mambo haya, Medicare ya asili, iliyotiwa saini na Rais Lyndon B. Johnson mwaka 1965, humruhusu mgonjwa kwenda kwa daktari au hospitali yoyote inayoipokea, na nyingi mno huipokea. Upungufu wake ni kwamba kwa huduma za madaktari na kliniki hulipa asilimia 80, na asilimia 20 inayobaki haina kikomo; ndiyo maana watu hununua bima ya nyongeza, yaani Medigap, ili ibebe mzigo huo. Medicare Advantage ni njia nyingine. Kampuni binafsi hulipwa na serikali kwa kila mzee iliyemwandikisha, kisha hiyo kampuni ndiyo inayopanga aende kwa madaktari gani na matibabu yapi yaombewe kibali kabla ya kutolewa. Mvuto wake ni wa kweli, na sitaki kuudharau: mipango mingi haitozi chochote juu ya ile ada ya kawaida ya sehemu ya madaktari, ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa walio wengi, na huongeza meno na miwani. Zaidi ya nusu ya wanaoweza kuichagua wako huko sasa.

Mama mkwe wangu alifanya kazi miaka 14 katika nyumba za kutunzia wazee hapa Texas, akiwaogesha na kuwageuza vitandani wazee wa watu. Alipofikisha miaka 65 alinunua Medigap mwezi ule ule, na hakuna aliyemuuliza kuhusu sukari yake, kwa kuwa sheria humpa kila mtu miezi 6 ya mwanzo ya kununua bima hiyo bila maswali. Miaka sita baadaye alikuja wakala wa kampuni ambayo sitaitaja, akaketi naye mezani, akamweleza habari za meno, miwani na kadi ya kununulia vyakula. Mama aliuliza swali lililo sahihi kabisa: je, nikiona hapanifai nitaweza kurudi? Akajibiwa, “Usiwe na wasiwasi, mama, kila Oktoba unaruhusiwa kubadili.” Alipiga hesabu kwamba dola 160 alizokuwa akizilipia Medigap kila mwezi zingetosha ada ya mjukuu aliyeko Tanga, akatia saini.

Mwaka wa tatu alianguka bafuni akavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda salama, lakini mazoezi ya kumrudisha kutembea yalihitaji kibali, na siku ya tisa kampuni ilituma barua kusema kwamba hayahitajiki tena, wakati mama alikuwa bado hawezi kufika chooni bila kushikwa mkono. Tulikata rufaa tukashinda, ila wiki mbili zilikwishapotea, na mguu ule haukurudi ulivyokuwa. Wala si bahati mbaya yake peke yake: mwaka 2022 ofisi ya mkaguzi mkuu wa wizara ya afya ya Marekani iliripoti kwamba, katika maombi ya vibali yaliyokataliwa ambayo iliyachunguza, asilimia 13 yalikuwa yametimiza masharti ya Medicare.

Oktoba iliyofuata akataka kurudi. Medicare ya asili ilimpokea. Fomu ya Medigap ikauliza kuhusu kisukari, figo na moyo, nikamtazama, akaniambia, “Andika ukweli, mwanangu.” Nikaandika, akakataliwa. Wakala hakusema uongo, kwa maana kubadili kweli unaruhusiwa. Alichonyamazia ni kwamba anayeacha Medigap kwa mara ya kwanza ili kujaribu Advantage ana miezi 12 tu ya kuirudia bila maswali.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, pole sana kwa mama. Mimi ni wakala wa bima Ohio, na naomba kupinga hoja kwa heshima. Bima ni mfuko wa pamoja, na ukimruhusu kila mtu akae Advantage bila ada angali mzima, kisha anunue Medigap wiki aliyoambiwa ana saratani, mfuko utabaki na wagonjwa watupu, na ada itampanda yule mjane aliyelipa miaka 10 bila kukosa. New York na Connecticut huuza Medigap mwaka mzima bila kuuliza afya, na ada zao ziko juu kuliko za majimbo mengi. Nina wateja wastaafu ambao dola 160 ndizo chakula chao cha wiki mbili. Kwao Advantage ndiyo ngao waliyo nayo, kwa kuwa sheria huweka kikomo cha gharama zao kwa madaktari wa mpango, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 9,350, ilhali Medicare ya asili pekee haina ukomo wowote.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni muuguzi. Ninaona wanaokataliwa vibali, na ninaona pia wanaokuja na Medicare ya asili bila nyongeza, wakiogopa kulazwa kwa sababu ya bili. Kabla hamjaendelea, mzee mwenye kipato kidogo apimwe kwanza kama anastahili Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au ule msaada wa jimbo wa kulipia ada, maana wengi wa watu wetu wanastahili na hawajui.

Mleta mada

Nakubali jambo la mfuko, tena ni zito. Lakini mwenye hasara katika utaratibu wa sasa ni nani? Kampuni za Advantage hulipwa kwa miaka ambayo mzee ni mzima, na anapoumwa, asiyeridhika hana pa kukimbilia. Kwa hiyo narekebisha hoja yangu. Badala ya mlango ulio wazi kila mwezi, miezi 12 ya majaribio iongezwe kuwa miaka 5, mara moja katika maisha, kwa aliyewahi kuwa na Medigap. Mtu aliyelipa ada miaka sita kama mama hakuja kuuvizia mfuko; alikwisha kuuchangia. Na karatasi ya kwanza kutiwa saini iseme, kwa lugha ya nyumbani kwake, kwamba baada ya tarehe fulani anaweza kukataliwa kwa sababu ya magonjwa yake. Mama anasoma Kiswahili vizuri sana. Karatasi hiyo hakuwahi kuonyeshwa katika lugha yoyote.

Mchangiaji wa kwanza, nakuuliza wewe uliye ndani ya kazi: wateja wako unawaambia habari ya miezi 12 kabla hawajatia saini, au wakiuliza?

Mchangiaji wa kwanza

Wakiuliza. Tangu leo nitaanza nayo. Ila kuhusu miaka 5, bado sijakubali. Nionyeshe kwanza nani atalipa tofauti.