Kavunjika mkono, sasa kiganja hakiinuki

Mama wa Katindo:
Ndugu zangu wa Goma, mdogo wangu anasukuma chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Akiteremka na viazi kutoka Kibumba alianguka kwenye mawe ya volkano, mkono wa kuume ukavunjika katikati ya bega na kiwiko. Walimpiga radio, ile picha ya mifupa, wakamfunga plasta. Lakini kiganja kinaning'inia, vidole hawezi kuvinyoosha, na nyuma ya kidole gumba ukimgusa hasikii. Mzee mmoja mwunga mifupa anataka kuukanda. Tumkubalie?

Kine wa Himbi:
Hapana, yaya. Mimi ni kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Pale palipovunjika asipakande mtu. Mfupa huo, humerasi, una neva, uzi unaopeleka amri za ubongo, inayouzunguka kwa nyuma, imelala karibu kabisa nao: neva ya radiali. Ndiyo inayoamuru misuli ya kuinua kiganja na kunyoosha vidole. Mfupa ukikatika, neva hubanwa au huvutwa. Ujumbe wa neva ni umeme: sodiamu inaingia ndani ya uzi, potasiamu inatoka, wimbi linakimbia hadi kwenye msuli. Neva ikibanwa sana, wimbi linaishia hapohapo. Ubongo umeamuru, amri haikufika. Familia nyingi hulia kwamba mkono umekufa. Haujafa!

Mrudisheni kwa dokta aliyemfunga, aione neva hiyo. Mara nyingi haikukatika na hupona yenyewe, ila polepole: uzi ulioharibika huota kama milimita 1 kwa siku. Mfupa unaweza kushikana kwa miezi 2 au 3 na kiganja bado hakijainuka. Muombe atele, kifaa kigumu cha kukishikilia kiganja, na wewe mwenyewe mnyooshee vidole kila siku, kimoja kimoja, bila nguvu. Watu wanaiacha kazi hii na inaniuma sana, maana neva inarudi inakuta vidole vimeshakakamaa.

Kijana Ndosho:
Kweli. Kwa kaka yangu kiganja kilianza kuinuka kwanza, kidole gumba kikachelewa kuliko vyote.

Mama wa Katindo:
Asanteni. Jioni vidole vinavimba, ni kawaida?

Kine wa Himbi:
Vikivimba kidogo, aweke mkono juu ya mto. Vikiwa baridi, vikigeuka rangi, au maumivu yakizidi ndani ya plasta, msingoje kuche: hospitali usiku uleule, plasta ifunguliwe.